Mwanamke Asiye na Paa

Harufu ya pamba mpya hunitia kiherehere mpaka leo. Nikiingia duka la matandiko, miguu yangu huanza kutafuta mlango. Ndivyo nilivyokuwa nikiwa na miaka minane, sakafuni mwa chumba chetu Guangzhou, nimeshikishwa pembe ya mfarishi mwekundu ili usikunjamane, na Mama anaudarizi.

Mama alikuwa akinunua nguo katika soko la Shisanhang na kuzipeleka kwetu Unguja. Chumba kilikuwa cha bibi mmoja wa Kichina tuliyemwita Popo, yaani nyanya kwa Kichina cha kwao. Ndiye aliyenitazama Mama akiwa sokoni. Sasa mwanawe alikuwa anatarajia mtoto, naye alikitaka chumba chetu. Popo alikuwa hajaamua. Kwa hiyo Mama akamshonea mjukuu mfarishi. Hakuniambia kwamba anabembeleza, lakini hata mtoto huona.

Mama alikulia katika kushona kofia. Nyumbani kwao mmoja huchora maua, mwingine hushona, na anayeshona hamuulizi mchoraji. Pembezoni mwa mfarishi alitia viua vya kofia, vidogo, vimekaa sawasawa. Katikati alitaka neno la Kichina la amani, na mle ndani aliyejua kuliandika ni mimi tu. Neno lenyewe huandikwa hivi: mwanamke, na juu yake paa. Nikashika chaki ya fundi nikamchora mwanamke, mara nikasikia wenzangu wanashuka ngazi na mpira.

"Tayari?" Mama akauliza.

"Tayari."

"Hakika, mwanangu?"

"Wallahi, Mama!" Nilishafika mlangoni.

Wiki nzima Mama alishona kila alasiri akirudi. Mimi, pembe yangu mkononi, nilijikuna, nilipiga miayo, niliomba maji nisiyoyataka. "Hebu tulia! Umekalia siafu?" alinitania. Nilitulia kidogo, kisha nikaanza tena. Ule mfarishi sikuutazama hata siku moja, macho yalikuwa dirishani.

Siku ya kuupeleka, Popo aliutandaza mezani. Alipapasa viua, akatabasamu. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kichwa cha yule mwanamke.

"Meiyou," akasema. Hakuna. Akaendelea kwa Kichina, taratibu, kwamba huyu mwanamke yuko nje, paa lake liko wapi?

Hapo ndipo nilipoona. Paa sikuwa nimelichora.

Mama akanigeukia. "Kasemaje?"

"Kasema... kasema unajua kushona."

Mama alinitazama kidogo, akainamisha kichwa, akamshukuru Popo.

Wiki mbili baadaye tulihama. Miaka na miaka niliamini kwamba ni mimi niliyetutoa mle ndani. Leo nina akili ya kujua kuwa mtoto mchanga alihitaji pa kulala, na Popo angetutoa hata kama ningechora paa la vigae. Hilo nimeshajisamehe.

Lililonishinda ni jingine. Nilipokua nikaanza mwenyewe kununua nguo Shisanhang. Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimeshachoka kuambiwa meiyou. Rangi hii meiyou, saizi ile meiyou, punguzo meiyou kabisa. Nikasimama katikati ya marobota, wapagazi wananipiga vikumbo na kunipigia kelele nipishe, nami siwezi kusogea.

Mama alilisikia neno lile kutwa, miaka yote ile. Alilijua kabla hajajua kuomba maji kwa Kichina. Alijua Popo ameona kasoro, alijua nimemdanganya kwa macho makavu, na hakuniumbua, si pale wala tulipobaki wawili. Kesho ya siku ile ya mfarishi tulikuwa tuende kwa daktari, akaeleze maumivu yaliyokuwa yakimsumbua kifuani, na mdomo wake wa Kichina ulikuwa mimi. Hakutaka niogope kuufungua.