Mtunza Viatu wa Kituo cha Mwisho

Kazi ya Mama Viatu haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya serikali, na pengine ndiyo maana ilidumu. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye benchi lake, hatua thelathini kabla ya lango la kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendo kasi, akipokea viatu vyenye matope na kuvitunza mpaka jioni. Basi, kazi ndiyo hiyo. Usimcheke. Ungewahi kushuka kutoka mtaa wa juu msimu wa mvua, nusu saa nzima kwa miguu, kwenye udongo unaonata mpaka mguu unatangulia na kiatu kinabaki nyuma, ungekubali kwamba yule mama alikuwa mtu wa maana kuliko meneja wa kituo.

Mambo yalikwenda hivi. Mtu anashuka kilima na ndara au mabuti ya mpira, viatu vya kazini kavifunga kwenye mfuko wa plastiki. Akifika kwa Mama Viatu anaketi, ananawa miguu kwa maji ya ndoo, anavaa vile safi, anaacha vile vya matope pamoja na sarafu moja, halafu anaingia langoni kama mtu aliyelala jirani na kituo. Jioni anabadili tena. Rafu zilikuwa tano, za mbao zilizotupwa na wajenzi, zimeegemezwa ukutani na kufunikwa turubai la bluu. Hakugawa namba wala vikaratasi. Kila jozi aliijua ni ya nani, na kwa miaka yote hiyo alikosea mara moja tu, siku alipompa mwalimu mkuu mabuti ya mlinzi wa benki. Mwalimu alipanda kilima akiogelea ndani yake, na mtaa ulicheka mwezi mzima.

Kazi hiyo aliianza kwa shida. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mwashi, tena mwashi wa kuitwa na watu kutoka mbali. Mwaka ule kabla kituo hakijafunguliwa, jukwaa la mbao lilikatika akaanguka nalo, na nyonga haikurudi tena kama zamani. Alitembea uani kwa fimbo, alifika chooni, alifika kwa jirani akipumzika mara mbili njiani. Kilima ndicho kilichomshinda. Siku moja walimpeleka hospitali kwa mkokoteni, amefungwa kamba asiteleze, watoto wakifuata nyuma wakishangilia. Aliporudi alisema, "Mimi si gunia. Sishuki tena." Na kweli hakushuka. Mapacha wenyewe walishaolewa, kila mmoja na kwake, kwa hiyo wawili hawa waliishi kwa vile viatu.

Ndipo zikaja habari kwamba njia ya mabasi itaongezwa ipande mpaka mtaa wa juu. Lakini kwanza, wakasema wakubwa, tuhesabu abiria tuone kama huko kuna watu. Utadhani zile taa zinazowaka kilimani kila jioni zilikuwa za nyani.

Walimtuma binti mmoja mwenye kizibao cha njano na ubao wa karatasi. Siku tatu alisimama langoni, akimuuliza kila anayeingia: "Unatoka mtaa gani?" Na hapo ndipo watu wa mtaa wa juu walipojiharibia wenyewe. Ni kwamba zamani, mtu akiomba kazi mjini na kusema anaishi kule juu, mwajiri alikunja uso: nyinyi wa huko mvua ikinyesha hamfiki. Basi wakajifunza kujibu, "Hapo karibu." Nesi alijibu hivyo, fundi umeme alijibu hivyo, wauzaji wa maduka makubwa walijibu hivyo. Jibu lilishakuwa la mazoea, lilitoka kabla mtu hajafikiri. Binti akiwatazama miguuni anaona viatu vinang'aa, hakuna hata doa. Anaandika: mtaa wa chini.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, watu walipopungua, binti alikuja kuketi kwenye benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa upumzike. Siku tatu umesimama pale kama mlingoti."

Binti alivua kiatu kimoja akajikanda unyayo. "Mama, hivi huko juu kuna watu kweli? Siku zote hizi nimepata kumi na tisa tu."

"Kumi na tisa?" Mama Viatu alimeza mate vibaya, akakohoa. Nyuma ya mgongo wake, chini ya turubai, viatu vilijaa mpaka rafu zilipinda.

Binti aligeuka, akaona ncha za mabuti. "Hivi vyote unauza?"

Yule mama aliona kila kitu kwa mpigo: basi likipanda kilima, benchi tupu, sufuria tupu. Mdomo ukawahi. "Ndiyo, mitumba."

"Mbona vingine vina matope?"

"Ndiyo kwanza vimefika," akasema Mama Viatu, na hapo angalau hakudanganya.

Binti akavaa kiatu chake, akaaga. Kesho, alisema, angemalizia saa mbili na nusu, kisha saa nne apeleke ripoti, na kwa hesabu ile haoni kama mtaa wa juu utapata kitu.

Jioni Mama Viatu alimsimulia mumewe kama kichekesho. Kila siku alimletea habari za kituoni, nani kaja na soksi mbili tofauti, nani kaanza kuvaa viatu virefu ghafla na kwa nini, na Baba Pacha alizingoja habari hizo kuliko chakula. Alikuwa anamenya vitunguu, maana jikoni alikuwa amepageuza pake.

"Watu wazima na ndevu zao," alisema mkewe, "wanaulizwa mnatoka wapi, wote: hapo karibu! Hapo karibu! Yule binti kaondoka na watu kumi na tisa."

Baba Pacha alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Kisha akakiokota. "Na wewe ulimwambiaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu viatu, Mama Pacha. Hakuviona?"

"Nilimwambia nauza mitumba."

Mume alichukua kitunguu kingine akaanza kukimenya. "Ulifanya vizuri," alisema. "Basi likija huku tutakula nini?"

Angemgombeza, yule mama angejua la kujibu. Alijiandaa kwa ugomvi tangu alipoanza kupanda kilima, na sasa ugomvi haukuwepo. Akakasirika palepale.

"Yaani hutaki hata kushuka? Hutaki kuona watu?"

"Nishuke niende wapi? Nimeshazoea."

Neno hilo lilimchoma. Mtu aliyejenga nusu ya maghala ya mjini, aliyekuwa akitembea juu ya kuta kama paka, leo anakwambia kazoea uani. Na kiti chake alikuwa amekihamishia karibu na dirisha, pale ambapo bati la paa la kituo linaonekana kwa mbali chini. Mama Viatu alikuwa akidhani amefuata upepo.

Asubuhi alipokea viatu kama kawaida, ila kwa uso uliokunjamana. Nesi wa wodi ya watoto alipoketi kunawa miguu, alimuuliza, "Hebu niambie, yule dada wa karatasi ulimjibu unatoka wapi?"

"Hapo karibu."

"Karibu na nini?"

Nesi akacheka. "Ah, Mama Viatu, si unajua tena."

"Sijui! Nieleze! Wewe mwezi wa nne ulizama mpaka gotini tukakuvuta watu wawili, leo unakaa hapo karibu!" Nesi alichomoa mguu kwenye ndoo haraka. Hakuwahi kufokewa pale, na wala yeye Mama Viatu hakuwa anamfokea nesi hasa. Alikuwa anajifokea mwenyewe, sauti ikapotea njia.

Saa mbili na nusu binti wa kizibao cha njano akaja. Mama Viatu alipiga moyo konde, akashika pembe ya turubai, akalivuta lote chini.

"Mwanangu, njoo uhesabu."

"Nihesabu nini, mama? Si ulisema unauza?"

"Nilikudanganya. Hivi ni vya watu walioingia humo ndani leo asubuhi, na kila mmoja katoka juu. Hesabu."

Walihesabu pamoja, mmoja akishika jozi, mwingine akiweka alama. Na binti alipotaka kwenda harakaharaka, Mama Viatu alimzuia. Huyu ni nesi, anakaa juu kabisa, karibu na tangi la maji. Huyu ni fundi umeme, nyuma ya shule, ana watoto watatu nao wanashuka. Huyu anaosha vyombo hotelini, huyu anafundisha, huyu analinda benki na hajawahi kuchelewa hata siku moja, muulize meneja wake. Wengine aliwaeleza mpaka ugonjwa wa mama mkwe. Ilichukua zaidi ya saa moja, na ilipoisha zilikuwa jozi mia tatu na kumi na mbili.

"Na leo haikunyesha," alisema Mama Viatu. "Mvua ikinyesha, wengine hukata tamaa wakarudi kulala."

Binti aliitazama karatasi yake ya siku tatu, akaipiga mstari mrefu kuanzia juu mpaka chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, basi likipanda huko, wewe utafanya nini?"

"Andika kwanza. Hilo haliko kwenye karatasi yako."

Kilimani habari zilipokewa kwa nyuso mbili. Wengine walimshika mkono. Mlinzi wa benki alinuna wiki nzima, akasema ametoa siri ya mtaa. "Siri gani," akamjibu, "mtu ana tope mpaka kwenye mkanda?" Jumatatu yake mlinzi akarudi na mabuti yake, maana angeyapeleka wapi?

Njia ikakubaliwa, lakini kuijenga kulichukua miaka miwili na ushee. Matingatinga yalipanda, yakashuka, yakaharibika, yakaondoka kwa miezi mitano bila kuaga, yakarudi. Lami ilipoanza kutambaa kilimani, rafu zilianza kupungua. Wale wanaokaa mwanzo wa kilima waliacha kuleta viatu, kisha wale wa shuleni. Tano zikawa nne, zikawa mbili. Tusifichane, kuna siku alijuta, akajiona kama mtu aliyejitilia mchanga kitumbua mwenyewe. Katika saa zile ndefu za mchana alijifundisha kushona soli kwa sindano nene na uzi wa nailoni, akapata wateja wachache, si haba. Alipanga kuhamishia sindano zake juu, kwenye kituo kipya, aone itakuwaje. Moyo wake haukuwa na uhakika, lakini ulikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea.

Siku ya basi la kwanza alishuka kwa miguu, kwa ubishi tu, akaketi kwenye benchi na rafu moja iliyobaki. Alijua hakuna atakayekuja. Hata hivyo alijaza ndoo maji. Saa kumi na mbili likapita basi kutoka juu, limejaa, kisha jingine, na watu wakampungia mkono kupitia vioo. Naye akawapungia. Walipita wote, nesi, mwalimu, fundi umeme, na hakuna aliyesimama. Kufikia saa tatu machozi yalimlengalenga, akajiambia ni vumbi, na barabara yenyewe mpya haina vumbi.

Basi la saa tatu na robo lilifungua milango, likakaa wazi muda mrefu kuliko kawaida. Kwanza ilitoka fimbo. Kisha akatoka mzee aliyenyoa vizuri, shati lenye alama za pasi, anashika ukingo wa mlango, na dereva katulia tu anamngoja. Mzee alisema neno na askari wa langoni, askari akanyoosha kidole. Mama Viatu hakuinuka. Alimtazama mumewe akija hatua kwa hatua, akipumzika mara moja tu, mpaka akafika akaketi kando yake na kushusha pumzi.

Baba Pacha aliangalia ukuta, ndoo, benchi, lile turubai lililokunjwa. Aliangalia kwa muda mrefu, kama anayesoma.

"Kumbe hapa ndipo ulipokuwa," alisema.

"Ndiyo hapa."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote."

Akanyoosha mkono, akaitikisa rafu. "Imekaa upogo. Ungeniambia, ningekuelekeza namna ya kuipigia misumari."

Mama Viatu akacheka na kulia kwa pamoja, bila aibu, mbele ya askari na abiria wote. Alipomaliza kujifuta uso kwa kanga alimkuta mumewe ameinama, taratibu, kwa sababu ya ile nyonga, anafungua kamba za viatu.

"Unafanya nini, Baba Pacha?"

"Si ndiyo kazi yenu hapa?" Akamkabidhi jozi. "Nitunzie."

Havikuwa na hata chembe ya tope. Alivipokea kwa mikono miwili, akavipanga rafuni katikati, visigino vikielekea ukutani, kama alivyovipanga vya watu wote. Kisha wakakaa pale mpaka saa saba, mzee na soksi zake, wakitazama mabasi yanavyopanda.