Nilimwoshea mama mkwe kibuyu chake cha munkoyo kwa javel, nikakiita zawadi

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Ninachoandika hapa kimetokea nyumbani kwangu, mashahidi wapo, na mmoja wao mpaka leo hanisemeshi vizuri. Siongezi chumvi. Kiswahili chetu cha huku mtakivumilia, shule niliishia sekondari na nyumbani tunachanganya na Kifaransa mpaka mgeni anakaa anatuangalia tu.

Naanza na hasira. Nikishaitoa nitasimulia kwa utulivu.

Nina hasira na wale wanaoandika mtandaoni zile list za "zawadi za kumpa mtu anayependa chakula". Nilizisoma mpaka bundle ikaisha. Kisu cha jibini. Aproni yenye maandishi ya utani. Viungo ndani ya kisanduku cha mbao. Sasa niambieni, mama wa miaka sitini na kitu hapa mtaani kwetu Katuba afanye nini na kisu cha jibini? Amkate nani?

Na kila list inarudi pale pale: mpe kitu kipya, au mfanyie jiko lake ling'ae.

Nikakamata hiyo ya kung'aa.

Huyu ninayemsema ni mama mkwe wangu, Mama Monga. Anapenda kula jinsi wengine wanavyopenda mpira. Akipita barabarani anajua nyumba gani wameunguza vitunguu. Akila bukari, yaani ugali wetu, na matembele, anafumba macho na haongei na mtu. Mume wangu anafanya kazi upande wa Kinsevere, anarudi mwisho wa juma, na kitu cha kwanza kuulizwa na mama yake ni kule migodini wamemlisha nini. Akijibu "wali na kuku" anamwonea huruma kama ametoka kifungoni.

Nilipomzaa binti yangu Gracia, Mama Monga alihamia kwangu, akakaa moja kwa moja.

Kila asubuhi aliniletea munkoyo.

Kwa wasioijua: unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, unatia mizizi fulani ya porini iliyopondwa, na mizizi hiyo ndiyo inayoitwa munkoyo. Unachuja, unamimina ndani ya kibuyu, unakiacha kilale. Kesho yake ni kitamu na kina uchachu kidogo kwa mbali. Huku tunaamini kinaleta maziwa. Mimi yalikuja mpaka yakalowanisha shuka.

Zile wiki za kwanza nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa nzuri, kama homa nzuri ipo.

Nilikuwa silali na siamki. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia kupitia pazia la kijani, chumba kizima kinakuwa kama chini ya maji. Gracia kifuani, mzito kuliko kilo zake. Kutoka jikoni nasikia Mama Monga anachuja, tiririri, halafu kimya, halafu tiririri. Harufu ya ile mizizi inaingia kabla yake. Harufu ya udongo siku mvua ya kwanza imegusa vumbi.

Anakaa kitandani, ananishika kichwa nyuma kama mimi ndiye mtoto, ananinywesha.

Nilikuwa nakunywa nimefumba macho. Wakati mwingine sikujua nani ananyonya na nani ananyonyesha, kama sote watatu tuko kwenye mkondo mmoja unaopita polepole.

Nikajiapia, huyu mama nitampa zawadi ambayo hajawahi kupewa.

Sasa sikilizeni ujinga.

Wiki moja kabla ya ubatizo wa Gracia, Mama Monga alikwenda kilioni Likasi, siku tatu. Kibuyu chake alikiacha jikoni kwangu. Nikakichungulia ndani. Cheusi. Kuna utando. Kinanuka uchachu. Nikasema huyu mama ananipenda hivi, halafu anakunywa kutoka kwenye kitu kama hiki. Nikaona zawadi yangu imejileta yenyewe.

Nilitia sabuni ya unga na mchanga, nikakitikisa mpaka mabega yakauma. Halafu javel, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nikakianika juani.

Kilitoka cheupe kama jino la mtoto. Nikakifunga utepe wa rangi ya waridi, wa mapambo ya ubatizo. Pembeni nikaweka ndoo mpya ya plastiki yenye bomba.

Nilijipiga picha navyo, wakuu. Hiyo picha ninayo bado.

Mama Monga aliporudi hakuangalia ndoo. Alichukua kibuyu, akafungua utepe, akakiweka sikioni.

Alisikiliza. Muda mrefu.

"Uliosha?"

"Ndiyo, mama. Na maji tu."

Hayo maneno mawili, "maji tu", ndiyo yaliyonifanya nikaandika uzi huu. Kwa nini nilidanganya? Ni vile alivyokuwa amekishika. Kama daktari anayetafuta mapigo.

Munkoyo ya ubatizo iliharibika. Ilikuwa na ladha ya nguo zilizofuliwa. Wageni walikunywa kwa heshima. Wifi yangu Solange alionja, akaweka glasi chini taratibu, akaisukuma kwa kidole kimoja.

Mama Monga akatengeneza nyingine. Vile vile. Nyingine tena. Akabadilisha mizizi, akabadilisha unga, akabadilisha hadi maji.

Siku moja nikamkuta amekaa kwenye kigoda, anaangalia viganja vyake.

"Mukono yangu imekufa," akaniambia. "Mama yangu pia ilimufanyikia hivi. Mukono ilikufa, na yeye hakukawia."

Tangu hapo akaacha kula. Simaanishi mgomo. Anachota vijiko viwili, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Bukari anaitafuna akiwa amefungua macho, anaangalia ukuta. Nguo zikaanza kumpwaya mabegani.

Solange naye akaandika kwenye group ya familia: "Mama amechoka. Tumununulie jus, aache hiyo kazi ya zamani."

Jus ya dukani, wakuu. Nilitaka kuvunja simu. Halafu nikakumbuka nani aliyetia javel, nikakaa.

Kumwambia ukweli niliogopa. Nikafikiri nitaitengeneza kimya kimya, atapona, hakuna atakayejua. Wakati ule wa kuninywesha alinisimulia kwamba yeye na jirani yake wa zamani, Mama Kasongo, walikuwa wanagawana munkoyo tangu wakiwa mabibi harusi. Kibuyu cha mmoja kikigoma, anakwenda kuchota kwa mwenzake, anaanzia hapo. Mama Kasongo sasa analima shamba kando ya barabara ya kwenda Kinsevere.

Nikamfunga Gracia mgongoni, nikapanda moto, yaani pikipiki.

Mama Kasongo nilimkuta anapalilia. Mwembamba, ana sauti kubwa kuliko shamba lake. Nilimwambia mimi ni mke wa mtoto wa Mama Monga na nimekuja kwa ajili ya kibuyu.

"Ilifanya nini?"

"Niliosha."

"Na nini?"

"Javel."

Aliacha jembe likaanguka. Alicheka mpaka akakaa kwenye tuta.

"Javel. Mwana, ungetia tu essence ya gari, uwashe kiberiti." Alijifuta macho. "Ile weusi ndiyo ilikuwa munkoyo yenyewe. Ile ingine ni uji tu. Ile weusi njo inaamusha uji."

Nikamwomba anipe ya kuanzia. Akanitazama.

"Yeye anajua?"

"Hapana. Anafikiri mukono yake imekufa."

Kicheko kikaisha hapo hapo.

"Basi nikikupa ukamupelekea bila kusema, itakuwa nini? Munkoyo itakuwa muzuri. Atasema, mukono ya Mama Kasongo iko muzima, yangu haiko. Utakuwa umemuzika mara mbili."

Gracia alilia, nikashukuru amelia.

Mama Kasongo aliingia ndani, akatoka na kibuyu kipya alichokuwa amekwisha kukilowanisha kutoa uchungu, na chupa ya munkoyo yake ya zamani, nzito, na masimbi yake, yale mashapo, chini.

"Kile cheupe hakiponi, kimekunywa sumu. Hii chupa usikaze kifuniko, inapumua. Na uanze na kinywa chako, useme, kabla ya kuanza na kibuyu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Chupa niliifunga tumboni ndani ya kitenge ili isipate baridi. Mtoto mgongoni, chupa tumboni, kibuyu mkononi. Dereva wa moto aliniangalia, akaamua kutouliza.

Njia nzima malori ya mgodi yalikuwa yanatupita, vumbi jekundu linasimama hewani, jua limelala ndani yake. Sikuona mbele wala nyuma. Na ndani ya ule wekundu nikaanza kuisikia chupa. Vipovu vidogo vinagonga tumbo langu, kimoja, kisha kimoja, pale pale Gracia alipocheza mara ya kwanza akiwa tumboni. Nikajishika tumbo kwa mazoea. Kwa muda nikasahau mwaka, nikasahau kama mtoto amekwisha kuzaliwa au bado.

Nikashuka getini kwangu.

Mama Monga alikuwa anachambua maharagwe uani. Nilipiga magoti.

"Mama, haiko mukono yako. Haikuwa maji tu. Nilitia javel."

Vidole vikasimama ndani ya maharagwe.

"Javel."

"Ndiyo, mama."

"Ya manguo."

"Ndiyo, mama."

"Mu kibuyu ya mama yangu."

Hilo sikulijua. Kilitoka naye kwao Mitwaba siku alipoolewa, juu ya lori, akiwa amekipakata.

Alisimama. Sijawahi kutukanwa vile, na nimekulia nyumba ya watoto tisa. Alizunguka uani, akafungua geti, akaita majirani.

"Kujeni muone. Muke wa mwana wangu huyu. Sekondari alimaliza. Anaosha kibuyu na javel. Kesho ataosha majani ya sombe na Omo."

Majirani walikuja, wakanitazama. Wengine walileta na viti.

Aliongea mpaka pumzi ikamwishia. Akakaa. Halafu akaniuliza bila kunitazama:

"Iko chakula?"

Nilikimbia jikoni.

Alikula bukari yote, wakuu. Alikuwa ananitukana mdomo umejaa. "Leta matembele. Mupumbavu, weye. Chumvi haiko. Ongeza hapa. Javel, kweli." Kipande cha mwisho akakizungusha kwenye mchuzi, na macho yakajifumba yenyewe.

Nilitoka nje nikalie nyuma ya choo, mtu asinione.

Siku tatu hakunisalimia. Ya nne akaomba ile chupa.

Munkoyo ya kwanza ndani ya kibuyu kipya ilikuwa nyepesi. Ya pili ina uchungu kidogo. Mara ya tatu, asubuhi, alikiweka kibuyu sikioni, akatulia, kisha akakileta kwenye sikio langu.

Mle ndani kulikuwa na sauti. Ndogo sana, kama mvua inayonyesha mji mwingine.

Solange alipokuja alikunywa glasi mbili, akaomba chupa ya kwenda nayo. Nikamwambia boutique ya kona inauza jus nzuri. Ndiye huyo asiyenisemesha vizuri.

Sikukuu yangu ya kuzaliwa ilipofika, Mama Monga aliniletea kitu kimefungwa ndani ya kitenge. Nikafungua. Kile kibuyu cheupe, na utepe wake wa waridi.

"Cadeau," akasema. "Iko propre." Yaani zawadi, na ni safi.

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikakitikisa, kikalia. Ndani alikuwa ametia mbegu za vibuyu.

"Panda yako. Na ukiiosha, nitakuosha weye."

Nimepanda kando ya ukuta wa bafu la nje. Sasa mmea umetambaa mpaka kwa jirani. Maua yake ni meupe, yanafunguka jua likizama, na Gracia anasimama chini yake amenyoosha mikono, anajifunza kuyafikia. Kuna vibuyu viwili vinaning'inia, vidogo bado, vya kijani, vina manyoya laini kama shavu lake.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Mtu anayependa chakula, kabla hujamnunulia kitu, nenda kasimame jikoni kwake, mikono nyuma, umwulize: hapa ni nini nisichotakiwa kugusa? Akishakuonyesha, umeshajua anachokipenda. Na kama ulishagusa, mwambie mapema, kabla hajaacha kula.

Haya, uwanja wenu. Kwenu ni chombo gani kisichooshwa? Nani ameharibu jiko la mtu kwa upendo kama mimi? Na yule aliyepewa kisu cha jibini na akakipatia kazi, aje atuambie alikata nini.