Shilingi ya Simba ya Mama

Mimi hununua pesa kwa pesa. Ndivyo mume wangu anavyowaeleza wateja wanaoingia dukani kwetu mjini Wote kutafuta misumari na kunikuta nimeinamia senti kumi yenye tundu, nikiichungulia kwa kioo cha kukuzia. Wateja hucheka, nami huwaacha wacheke. Kila mtu ana wazimu wake, wengine ng'ombe, na wangu angalau hauhitaji dawa ya kupe.

Sarafu zangu nyingi nimezipata kwenye mnada wa simu. Tuko kundi la wakusanyaji. Mtu anaweka picha, sisi tunashindana kutaja bei mpaka saa ya kufunga. Nilijifunza kwa machungu kwamba ukiingia mnadani bila mpango utatoka bila nauli. Kwa hiyo nikajiwekea kanuni: naamua bei yangu ya mwisho mapema, nikiwa nimeshiba na nimetulia, kisha namwambia mume wangu. Nikitaka kuipita, ananikoholea. Kikohozi hicho kimetuokolea fedha nyingi, ingawa kuna siku nilitamani kumnywesha dawa.

Ilikuwepo sarafu moja ambayo sikuweza kuipangia bei kwa kuwa haikuwa inauzwa. Ni shilingi ya wakati wa mkoloni, yenye simba aliyesimama mbele ya milima, na mwenyewe ni mama yangu kule Zombe. Baba aliipata katika mshahara wake wa kwanza kwenye shamba la mkonge. Vibarua wenzake walinunua sukari. Yeye alikuja nayo mfukoni mpaka kwao Mama, akampa. Baba alishafariki. Shilingi ilibaki ndani ya mkebe wa majani ya chai, imefungwa kitambaa. Katika albamu yangu niliiachia nafasi, na kila nilipoenda nyumbani niliiomba.

"Mwaitu, mama yangu, si unipe tu nikuwekee?"

"Kwani mimi nimeshindwa kuiweka?" Mama anafunga mkebe, habari imeisha.

Halafu mwaka mmoja mvua ikanyesha vizuri, na Mama akanipigia simu siku chache kabla ya Jumapili ya mavuno.

"Mwiitu wakwa," akaanza, yaani binti yangu, "ile shilingi nimepea kanisa. Itauzwa pamoja na kuku. Ukiitaka, kuja ununue kama watu wengine."

Akakata simu. Nilikasirika kidogo, nikacheka kidogo, kisha nikakaa kitako kuamua bei. Shilingi kama ile, iliyotulia na rangi yake ya uzee, wakusanyaji wangeinunua kwa elfu moja hivi. Nikaongeza elfu nyingine kwa ajili ya Baba. Elfu mbili, nikamwambia mume wangu, nisipite hapo. Akasema Zombe nzima hakuna atakayeshindana nami kwa pesa isiyonunua hata kiberiti.

Mnada ulianza baada ya ibada, chini ya hema. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye sauti ya kuita mvua, ndiye aliyekuwa dalali. Yaliuzwa maboga, miwa na mbuzi. Jamaa mmoja alimnunua kuku wa mama yake kwa bei ya mwanambuzi, kisha akaenda kumrudishia mikononi huku watu wakipiga makofi, maana kwetu mtoto haondoki na sadaka ya mzazi wake. Yule mama akamtemea mwanawe mate kidogo viganjani kumbariki, na kuku akarudi nyumbani na mwenyewe. Nilipiga makofi kwa nguvu. Akili yangu ilikuwa kwenye shilingi.

Ikaletwa juu ya sahani. Nikasogea kuitazama. Ilikuwa inameta kama kijiko kipya.

"Mwaitu, umeifanya nini?"

"Nimeiosha. Na majivu na ndimu. Ama ulitaka nipee Mungu kitu chafu?"

Mkusanyaji yeyote atakwambia usisugue sarafu, heri uipoteze. Simba alikuwa amenyolewa manyoya yote ya shingoni. Kwenye kundi letu hakuna ambaye angeitolea hata bei ya soda. Nikarudi kuketi kando ya mume wangu, nikaamua upya: nitatoa mia tano, kwa heshima ya Mama, basi.

Lakini kumbe ule mng'aro ulikuwa umewavutia watu. Mwanamke mmoja, mfanyabiashara wa ndengu, akaanza na elfu moja.

"Nitaitoboa niweke kwa cheni," aliwaambia wenzake. "Itanitoa vizuri kanisani."

Itobolewe! Nilihisi msumari unapita mbavuni mwangu. Nikasema elfu moja mia tano. Akasema elfu mbili bila hata kugeuka. Dalali akanitazama, Mama akanitazama, nami nikamgeukia mume wangu nikingoja kikohozi. Hakukohoa. Alifungua mkoba wangu akauweka mapajani mwangu, wazi.

"Elfu tatu!" nikapaza sauti.

Yule mama wa ndengu hakuwa mchezo. Tulipandishana, hema likawa linachemka, na dalali akawa anarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Nilipofika elfu sita mwenzangu akainua mikono, akacheka, akanipa pongezi. Nililipa bei ya sarafu sita nzuri kwa moja iliyoharibika, na sikumbuki kununua kitu kwa furaha kama ile.

Nilikuwa nimeifumbata, naelekea kwenye kiti, niliposikia akina mama.

"Mrudishie! Mrudishie mwenyewe!"

Nikasimama. Nilikuwa nimedhani hayo ni mambo ya kuku. Mama alikuwa ameshakinga viganja, anatabasamu, na nikajua alilipanga hili tangu aliposhika simu. Nikamwekea shilingi ya Baba mikononi. Akanitemea mate ya baraka, akaifunga kwenye kitambaa chake.

"Asante, mwiitu wakwa," akasema. "Mwaka ujao nitaitoa tena."

Ndipo mume wangu alipokohoa.

Tangu hapo nimeinunua kila mavuno, na kila mara imesuguliwa zaidi. Simba sasa anafanana na kondoo. Wenzangu wa kundi wakiiona ile nafasi tupu katika albamu huniuliza kama bado naitafuta shilingi yake, wengine wananitumia picha za nzuri, za bei rahisi. Nawaambia nimeshapata yangu. Najua iko siku itanifikia bila mnada, na hatakuwepo wa kumrudishia. Nikiiwaza siku hiyo roho huniuma. Kwa hiyo mawingu yakianza kukusanyika naomba mahindi yaive, Mama awe mzima, na yule mama wa ndengu aje na pesa nyingi.