Kikazi Tu

Mwenyekiti wetu alikwenda semina ya siku moja Geita mjini, akarudi hakamatiki. Kule kafundishwa mkakati na utamaduni wa taasisi. Taasisi yenyewe ndiyo sisi, mama lishe wa Katoro na masufuria yetu. Jioni ileile akatangaza kwenye kundi letu la wasapu: kuanzia leo ni kikazi tu. Hakuna salamu, hakuna maua ya asubuhi njema, hakuna maombi, hakuna picha za vichanga.

Basi kundi likapoa kama nyumba yenye mgonjwa. Mimi nilinuna kimyakimya, maana shida yangu ilikuwa kubwa kuliko maua. Banda langu lilikuwa limevunjwa kupisha barabara, na mgodi mmoja mdogo ulikuwa unatafuta watu wa kuwapikia wachimbaji. Tukiikosa kazi ile, narudi Kishapu kwa kaka yangu, kwa wifi anayekuangalia mkono ukichota sukari. Heri nilale sokoni!

Mwenyekiti akaandika: "Kesho saa nne mgodini. Kila mtu aje na chakula cha kuonjwa." Tiki za bluu zikatokea. Akanigeukia nilipokaa kando yake, "Unaona? Hiyo ndiyo nidhamu."

Kesho yake getini tulikuwa wawili, yeye na mimi, na sufuria yangu ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, niliyoiunga kwa karanga. Msimamizi wa mgodi akachungulia sufuria, kisha akatuchungulia na sisi. "Watu wangu ni wengi, mama. Saa sita ikifika sijaona wapishi, kazi nawapa wenye hoteli."

Nikampigia mama mmoja mwenye mapacha, jirani yangu wa sokoni. "Mko wapi nyie?"

"Kumbe ni kweli? Sisi tulijua mwenyekiti kaibiwa simu! Mtu hajasalimia hata mwangaluka, anaanza leteni chakula. Si ndiyo matapeli walewale wa ile hela tuma kwenye namba hii?"

Jamani! Nilitaka kucheka, nikataka pia kumpiga mtu. Nikafungua kundi, nikabonyeza sauti.

"Mwangaluka akina mama! Mmeamkaje? Mapacha homa imeshuka? Na yule bibi mguu vipi, anaukanyagia?"

"Sema mgodi!" Mwenyekiti ananivuta kitenge.

"Tulia wewe, watu wanasalimiwa kwanza! Haya, akina mama, mwenyekiti hajaibiwa, ni semina tu imempata. Njooni na vyakula sasa hivi. Msipokuja, mie ndo nahamia Kishapu."

Simu ikaanza kulia mfululizo: pole, tunakuja, maua, maombi, maua tena. Mama lishe hakosi kitu jikoni. Bodaboda zikafika moja baada ya nyingine, sufuria katikati ya dereva na abiria. Dereva mmoja alilalamika mchuzi wa sato umemwagikia mgongoni. Akaambiwa ashukuru, leo atanukia vizuri.

Msimamizi akaonja, akaonja, mwisho akasahau kwamba anaonja. Mwenyekiti akaanza kumweleza mkakati wetu. Msimamizi akamwinulia mkono asubiri, anatafuna. Alipomeza akasema, "Anzeni Jumatatu."

Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nikakaa juu ya jiwe nikalia kwa kwikwi, wala sikuona haya. Mchimbaji mmoja akauliza, mama huyu ana nini? Mwenyekiti akanifunika mabega kwa kitenge chake, akamjibu, "Moshi."

Na hapo hakukuwa na jiko hata moja lililowashwa.