Nyumba Isiyompikia Mgeni

Siku Tamotsu alipomtia machoni Fusae kwa mara ya kwanza, Fusae alikuwa juu ya paa ameshika koleo, na kufumba na kufumbua Tamotsu alikuwa chini ya theluji.

Hakuna aliyekusudia. Fusae alikuwa akiiparua theluji ya usiku isije ikavunja mbao za paa. Tamotsu, fundi wa mikeka ya tatami, alikuwa akitoka kituo cha basi huku akiburuta vifaa vyake juu ya kigari cha kuteleza. Aliinua kichwa kupiga hodi, kwa ile sauti yake ndogo ambayo hata paka asingegeuka kuisikia, na bonge la theluji kama ng'ombe likamshukia.

"Wewe uliye chini!" sauti ikanguruma kutoka juu. "Bado upo?"

"Nipo," akajibu Tamotsu, mdomo umejaa theluji.

"Mgeni au fundi?"

"Fundi."

"Afadhali. Mgeni ningelazimika kumwomba radhi."

Akashuka ngazi, akamchimbua kama mtu anayechimbua viazi, akamkung'uta mgongo kwa ufagio, kisha akamsukuma hadi penye moto. Alikuwa mwanamke mpana, mashavu mekundu, kitambaa kichwani, na alicheka kwa mwili mzima. Tamotsu hakucheka. Si kwamba hakufurahi. Alikuwa bado anatafuta la kusema, na alipolipata Fusae alishatoka kwenda kumalizia paa.

Huo ulikuwa mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Tokyo, lakini huko Yunomata, juu kabisa kwenye milima ya kaskazini, Olimpiki ilikuwa habari ya redioni tu. Yunomata ilikuwa na mto, daraja, na maji ya moto yanayotoka ardhini yakinuka kama mayai. Ng'ambo ya daraja palikuwa na hoteli kubwa yenye wahudumu waliovaa sare na chakula kinacholetwa chumbani kwa trei. Upande huu palikuwa na Iwanaya, nyumba ya Fusae.

Iwanaya ilikuwa nyumba ya wakulima. Mpunga ukishapandwa, na tena ukishavunwa na baridi kuingia, walipanda mlima na magoti yao mabovu na migongo yao iliyopinda, wamebeba mchele, miso, ile rojo ya soya ya kupikia supu, na figili za kuchachusha. Wakakaa wiki mbili, wengine tatu. Walioga asubuhi, wakaoga mchana, wakaoga jioni, na katikati ya kuoga walilala kwenye mikeka wakisengenya wakwe zao. Jikoni palikuwa na majiko ya mkaa yamepangwa ukutani, na kila mmoja alijiwashia lake. Mwenye nyumba alitoa chumba, maji ya moto na mkaa. Hakumpikia mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Iwanaya tangu enzi za mama mkwe wake Fusae, na Fusae aliishika kama askari.

"Ukimpikia mgeni," alikuwa akisema, "lazima umchekee. Mimi uso wangu hauwezi kazi hiyo."

Uongo. Alicheka na kila mtu, ila hakuwa tayari kucheka kwa kulazimishwa.

Yeye mwenyewe alikuwa binti wa wachoma mkaa. Aliletwa Iwanaya akiwa na miaka kumi na minane kuwa mke wa Heikichi, kijana mpole ambaye alimwona usoni mara ya kwanza siku ya harusi. Mama mkwe alimfundisha kusugua sakafu kwa kumsugulisha hiyo hiyo mara tatu. Kisha vita vikaja vikapita, mama mkwe akafa, na majira fulani ya baridi gogo likateleza mlimani likamchukua Heikichi. Watu walidhani mjane yule mchanga angefunga nyumba arudi kwao. Kesho yake baada ya mazishi walimkuta bafuni anasugua.

Alijua kubeba gunia la mchele bega moja. Aliimba vibaya na kwa sauti kubwa. Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimkamata alisema, "Nilikuwa napima kama uko macho." Wazee wawili wakigombania nani aingie majini kwanza, aliwatuma wote wawili wakachote maji ya kunywa kisimani, na waliporudi walikuwa wameshasahau ugomvi.

Tamotsu aliyaona haya kidogo kidogo, kwa sababu alirudi kila majira ya baridi. Mkeka wa tatami ukishonwa vizuri hukaa miaka mingi, naye alishona vizuri. Kiwiko chake kilikuwa na sugu kwa kukandamizia uzi. Hata hivyo, kila mwaka alipata mkeka wa Iwanaya unaohitaji kushonwa.

Bibi Toyo aliligundua hilo. Alikuwa mwanamke wa sabini na ushee kutoka bondeni, mgeni wa miaka yote, meno matatu na ulimi mmoja mkali.

"Fundi," akamwambia siku moja, akimsimamia kichwani, "mkeka huu si uliushona mwaka jana?"

"Ulilegea, bibi."

"Ulilegea? Basi ni mkeka wa ajabu. Umelegea bila kukaliwa. Chumba hiki hakijapata mgeni tangu ulipoondoka."

Tamotsu akainama zaidi juu ya sindano yake, masikio yamemwiva.

Mjini kwake alikuwa na chumba kimoja cha kupanga juu ya duka la baiskeli. Hakuwahi kuoa. Aliacha shule darasa la sita akaenda kujifunza kazi, na tangu hapo alizungumza na mikeka zaidi ya watu. Katika maisha yake yote, mahali pekee alipoamka na kutamani siku ianze ni Iwanaya, kwa sababu siku ya Iwanaya ilianza kwa Fusae kuimba vibaya uani. Alitaka abaki hapo. Si kama fundi, si kama mgeni. Hakujua tu pa kuanzia.

Kisha mwaka wa nne ukaleta haraka. Misako, binti pekee wa Fusae, alikuja na mumewe sikukuu ya mwaka mpya, akamwambia mama yake auze nyumba. Hoteli ya ng'ambo ilikuwa tayari kuichukua, chemchemi na yote. "Mama, njoo mjini Sendai ukae na sisi. Maji yanatoka bombani, theluji haifiki hata kwenye kifundo cha mguu." Fusae alisema atajibu maua ya mcheri yakichanua.

Theluji ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Tamotsu akajua kwamba asiposema sasa, mwaka ujao atapanda mlima akakute wahudumu wa sare.

Katika milima ile, mwanamume akimwambia mwanamke kwamba angependa kunywa supu yake ya miso kila asubuhi, hazungumzii supu. Anamwomba waoane. Hata watoto wanajua. Ni maneno ya watu wenye haya, maana ukikataliwa unaweza kujifanya ulikuwa na njaa tu. Tamotsu aliyafanyia mazoezi siku tatu mbele ya mikeka, na mikeka haikuwa na neno.

Asubuhi ya nne aliingia jikoni. Bibi Toyo na wanawake wengine wanne walikuwa wamechutama mbele ya majiko yao wakipuliza mkaa. Fusae alikuwa amewapa mgongo, anakwangua masizi ukutani.

"Mama Fusae," akasema Tamotsu.

"Ee."

"Mimi... supu yako ya miso... ningependa kuinywa kila asubuhi."

Kisu cha Bibi Toyo kikasimama katikati ya figili. Mtu mmoja akaacha kupuliza huku mashavu bado yamejaa pumzi.

"Haiwezekani," akasema Fusae bila kugeuka. "Iwanaya haipikii mtu. Wewe fundi unaijua sheria, mwaka wa nne huu. Nikikupikia wewe leo, kesho Bibi Toyo naye atataka."

"Ee, nitataka!" akadakia Bibi Toyo, sauti inamtetemeka.

"Umeona? Kama umechoka kujipikia, vuka daraja, wakakuletee kwa trei."

Jikoni kukalipuka kicheko. Bibi Toyo alicheka hadi akakaa chini, akashika mbavu, akaomba maji. Fusae akageuka, kikwangulio mkononi. "Mnacheka nini? Nimesema nini?" Tamotsu alishapotea. Alikuwa chumba cha mwisho, anashona mkeka ambao haukuwa na tatizo lolote duniani.

Kesho yake wanawake wale walijipanga foleni jikoni, kila mmoja na bakuli lake.

"Fusae, supu yangu!"

"Ya kila asubuhi!"

"Mimi mpaka uzeeni!"

"Toyo, wewe uzeeni umeshafika zamani!"

Fusae alisimama mikono kiunoni akaona nyumba yake imeasi. Akaenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho, akausukuma mlango kando.

"Fundi! Umeniharibia wageni. Miaka ishirini na zaidi hakuna aliyeniomba hata chai. Umekuja wewe na tamaa zako za supu, sasa wananishikia mabakuli kama ombaomba!"

"Samahani," akasema Tamotsu. Aliinama, na mlango ulipofungwa akaanza kukusanya sindano zake. Aliweka kila kitu mahali pake, akafunga kamba, akapita mlango wa nyuma ili asipishane na mtu. Jibu alishalipata, na mbele ya watu.

Bibi Toyo alikiona kigari kikivuka uani. Kicheko kikamwisha. Akarudi jikoni akamshika Fusae mkono.

"Fusae, hebu niambie. Hivi kweli hukuelewa, au ulikuwa unamkwepa?"

"Kuelewa nini? Supu?"

"We mwanamke! Marehemu Heikichi alikuambiaje alipotaka kukuoa?"

Fusae akafikiri. "Hakuniambia kitu. Baba yake alikuja kwetu na samaki na pombe ya mchele. Wazee wakakaa, wakanywa. Jioni mama akaniambia nifungashe nguo."

"Na baada yake? Hakuna aliyewahi kukuambia?"

"Aniambie nini, Bibi Toyo? Sema basi!"

Bibi Toyo akamtazama. Akiwa na miaka zaidi ya sabini, alikuwa hajawahi kufikiria kwamba mtu mzima, mjane, mwenye mtoto aliyeolewa, anaweza kuwa hajawahi kuombwa. Akamwambia taratibu, kama anavyoambiwa mtoto, maana ya supu.

Wanawake jikoni walisubiri acheke. Hakucheka. Akaweka kikwangulio chini, akakiokota, akakiweka tena. Kisha akatoka mbio, mguu mmoja kiatu cha mbao, mwingine kandambili ya bafuni.

Tamotsu alikuwa kwenye kibanda cha basi, amekaa juu ya mzigo wake. Alimwona akija na matope yakimrukia hadi magotini, akadhani amesahau kulipia mkaa.

"Fundi," akasema Fusae akihema. "Ile supu."

"Samahani, mama. Sitarudia."

"Nyamaza kwanza. Ile supu, ulimaanisha supu?"

Tamotsu akatazama viatu vyake. Basi lilishaonekana kwenye kona ya chini. Akajua kwamba hii haya yake ikimshinda sasa, itamsindikiza hadi kile chumba cha juu ya duka la baiskeli, na itakaa naye humo.

"Na supu pia," akasema.

Fusae akapangusa uso kwa kitambaa cha kichwani, akachukua muda mrefu kuupangusa.

"Mimi supu sijui kuipika," akasema hatimaye. "Nadhani ndiyo sababu hasa ya ile sheria."

"Najua. Uliwahi kunionjesha."

"Ilikuwa mbaya?"

Tamotsu, ambaye hakuwa mtu wa kudanganya, akageuka kulitazama basi.

"Basi utapika wewe," akasema Fusae. "Kila asubuhi. Chumvi kidogo, na usinikatie vitunguu vikubwa. Na Misako nitamwambia mwenyewe."

Basi likasimama. Dereva akafungua mlango. "Mnapanda au hampandi?"

"Huyu hapandi," Fusae akamjibu, akaushika mzigo wa vifaa na kuutupia begani.

Iwanaya haikuuzwa. Tamotsu ndiye aliyeingia kwa mke na kuchukua jina la nyumba, na watu wa bondeni walisema fundi ameshonewa mkekani. Misako alinuna msimu mmoja, kisha akaanza kuleta wanawe wakati wa likizo. Supu alipika Tamotsu, ya watu wawili tu, na wageni waliendelea kujiwashia majiko yao. Bibi Toyo alikuja kila mwaka hadi mwaka ambao ilikuja habari ya msiba wake, na Fusae alimwimbia mbele ya tangi la kuogea, vibaya kama kawaida.

Waliishi hivyo miaka kumi na minne. Fusae aliacha kupanda paani pale tu moyo wake ulipoanza kuchoka, na hata hapo alisimama uani akimwelekeza Tamotsu atupe theluji wapi. Majira ya mwisho alilala chumba cha kusini, chenye jua.

Kuna jambo moja ambalo miaka yote hiyo haikumtoa Tamotsu. Hakujua kuingia chumbani. Alipiga magoti nje, akausukuma mlango kiasi cha kupitisha pua, akainama, akasema, "Samahani kwa usumbufu," mpaka aambiwe pita. Kwa mke wake. Katika nyumba yake.

Mchana mmoja wa majira hayo, mwishoni mwa Januari, alikuja na bakuli mkononi. Akapiga magoti. Akausukuma mlango kidogo. Akainama, akasema maneno yake.

Fusae akafungua jicho moja.

"Bwana wewe, utaomba ruhusa mpaka lini? Ingia, ufunge mlango. Unaniingizia baridi miguuni."