Vitumbua vya Pweza

Mimi ndiye niliyewaonya watu wa nyumbani kwangu wasije wakaniaibisha Japani. Basi siku tuliyotoka Osaka kwenda mji jirani kula vitumbua vyao vya pweza, mama muuzaji alimtengea kila mtu kibakuli cha maji ya uvuguvugu. Nikafurahi, kumbe nao hunawa! Nikavua saa, nikanawa vizuri, nikamhimiza na binti yangu anawe. Yeye akachovya kitumbua chake kwenye kibakuli, akala.

"Baba, hii ni supu."

Nikamwapisha asimwambie mtu. Tuliporudi Toronto, shemeji yangu wa Thorncliffe Park akatualika chakula. Akaweka bakuli la supu mbele yangu, akanitupia taulo begani, akasema kwa heshima zote:

"Karibu unawe, shemeji."