Gramu Saba za Rangi

Brashi hawezi kuona kitu hakina rangi akakiacha hivyo. Jina hilo walimpa wateja wake, maana kazi yake ni kuandika vibao: vya saluni, vya maduka ya dawa, vya mafundi simu, na kimoja cha MBWA MKALI alichoagiza mtu asiye na mbwa wala kuku. Akimaliza kibao hupaka na mlango, na asipozuiwa hupaka na kiti alichokalia mteja. Kwa hiyo aliponunua droni ndogo ya kujifurahisha, ya kijivu, yenye kamera, ukijivu wake haukumaliza hata usiku mmoja. Kufikia kesho yake ilikuwa nyekundu, ina mistari ya njano na jicho kubwa kwenye kila mkono. Ilipokauka akaipaka tena, kwa sababu kwa Brashi rangi ya kwanza ni salamu tu, mazungumzo yanaanza na ya pili.

Alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kumtembelea dada yake, mama yao hakumwagiza manukato wala kitambaa. Dada huyo alikuwa na miaka mingi huko, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na kila wiki alimtumia mama picha. Shida ni kwamba picha zote alizipiga palepale, ameegemea ukuta uleule, anatabasamu.

"Huyu ananitumia ukuta," alisema mama. "Ukuta nimeshaujua. Mimi nataka kujua anaishi karibu na nani. Akiugua huko, nani atajua?"

"Mama, si ana simu?"

"Simu haiwezi kumgongea mlango. Nenda na hicho kidude chako, kipandishe juu, nione mtaa mzima. Mimi miguu hii haifiki."

Dada alipoambiwa alisema jambo moja tu: "Mdogo wangu, soma sheria za huku kabla hujabeba hicho kitu."

"Nimeshasoma," alijibu Brashi. Alichosoma ni boksi. Boksi lilisema gramu mia mbili arobaini na tisa, na muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba droni isiyofika robo kilo haimsumbui mtu popote duniani. Muuzaji mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka, lakini alisema kwa kujiamini sana.

Betri alizibeba mkononi, kama shirika la ndege lilivyotaka, na safari ikaenda salama hadi kwa ofisa wa forodha, mama mmoja mwenye miwani iliyoshuka puani. Waliongea kwa lugha ambayo Brashi aliijua nusunusu. Ofisa aliitoa droni kwenye begi, akaitazama macho yake manne, akaiweka kwenye mizani pamoja na betri yake. Mia mbili hamsini na sita.

"Boksi linasema arobaini na tisa," alisema Brashi.

Ofisa akaikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka mwekundu. "Na hii?"

"Hiyo ni rangi."

"Ina uzito."

Maisha yake yote Brashi amebeba makopo ya rangi mpaka mgongo ukaomba poo, na haikumjia hata siku moja kwamba rangi ikishatoka kwenye kopo na kukaa juu ya kitu, bado ina uzito. Aliona haya kama mpishi aliyesahau chumvi.

Ofisa hakuwa mkali. Alimweleza taratibu kwamba mgeni anaruhusiwa kurusha droni ya kujifurahisha isiyofika robo kilo. Ikizidi, ajisajili na afanye mtihani, na nafasi ya mtihani iliyo karibu ilikuwa baada ya yeye kurudi kwao. Na hata ikiwa ndogo, isitoke machoni pake, ikae mbali na kiwanja cha ndege, isipite juu ya vichwa vya watu, wala juu ya nyumba ya mtu bila mwenyewe kukubali.

"Hata kama hawanioni?"

"Hasa kama hawakuoni," alisema ofisa, akamrudishia mzigo wake.

Ndiyo maana jioni ile, badala ya kupiga soga, ndugu hawa wawili walikaa kwenye meza ya jikoni wakikwangua. Dada alikuwa na chumba cha chini kwenye safu ya nyumba zilizobanana, zenye ua mmoja nyuma. Yeye alisugua kwa msasa, Brashi kwa mgongo wa kisu, na kila baada ya muda waliiweka droni kwenye mizani ya unga. Jicho la kwanza lilipotoka Brashi aliguna kama anayeng'olewa jino.

"Sasa kesho tuwaombe majirani ruhusa," alisema. "Wanaitwa nani?"

Dada aliendelea kusugua. "Sijui."

"Hata mmoja?"

"Narudi kutoka kazini wao wanaamka. Wakirudi wao, mimi nimelala. Utamgongea mtu mlango umwambie nini?" Akapuliza vumbi jekundu. "Mwaka jana niliumwa. Nililala humu ndani mpaka homa ikachoka yenyewe. Usimwambie mama."

Brashi aliweka kisu chini. Alikuwa amekuja na utani mwingi wa kumtania dada yake, na wote akauacha. Ilimuuma sana, hasa akikumbuka kwamba wiki zile picha za ukutani ziliendelea kufika kama kawaida.

"Basi tuirushe alfajiri tumalize," alisema. "Nani ataona?"

"Faini itakuja kwangu, wewe ukiwa umeshapanda ndege. Hapana. Tukagonge."

Wakagonga. Dada alitangulia akiwa ameishika droni kifuani, maana bila kisingizio mkononi asingeweza. Mlango wa kwanza alifungua bibi mmoja wa sweta la kijani, ambaye miaka yote hiyo alidhani jirani yake ni mwanamume, kwa sababu ya yale mabuti ya kazini yanayoanikwa nje. Aliwaingiza ndani, na ruhusa ya droni ikachukua chai vikombe viwili. Mlango wa pili alikuwa fundi wa magari mwenye watoto mapacha, na hao walitaka kujua kwa nini ndege imeambuka ngozi. Wa tatu alikataa, akasema hapendi kuchunguliwa, akafunga. Walimwachia paa lake. Kufikia mlango wa mwisho dada alikuwa anabonyeza kengele mwenyewe na kucheka kabla mlango haujafunguliwa.

Siku ya kurusha, droni ilikuwa chini ya robo kilo, imebakiwa na jicho moja na madoa kama ya surua. Kwa kuwa haikuruhusiwa kupita juu ya vichwa, majirani waliambiwa wajipange pembeni mwa ua. Wakajipanga, dada katikati yao, wote wameinua nyuso.

Brashi aliporudi nyumbani, mama aliitazama video ya droni kwenye simu ya mwanawe, miguu yake ikiwa juu ya stuli. Aliona mapaa, barabara, miti ya mbali, na akapita vyote bila kusema kitu. Kwenye nyuso akamwambia Brashi asimamishe.

"Hawa ni akina nani?"

"Majirani zake."

"Anawajua?"

Brashi aliwaza kudanganya, akaona hana haja. "Sasa anawajua, mama."

Mama akaisogeza simu karibu. Bibi wa sweta la kijani alikuwa amemshika dada mkono, akimwonyesha juu.

"Huyu hapa ana simu?"

"Anayo. Lakini hamtaelewana, mama. Yeye hajui lugha yetu hata neno moja."

"Nipe namba yake. Siku mwanangu asipopokea, nitampigia huyu nimtajie jina la mwanangu tu. Akilisikia ataenda kumgongea."